Kigoda Kilichoulizwa Mara Tatu

Naja na ngano.

— Njoo nayo, tumekaa.

Ina miguu?

— Itembee.

Ina mdomo?

— Iseme.

Na ikinyamaza?

— Tuiamshe.

Hapo sawa. Nanyi mkinyamaza nitawaamsha, maana ngano hii haimpendi mtu wa kunyamaza. Mtaona kwa nini.

Kwanza nawataja waliokuwepo. Ngano isiyo na majina ni mbuzi asiye na kamba. Kila mtu atasema ni wake.

Alikuwepo Mwenyekiti, Sefania Mchomvu. Nasema Mchomvu, si Mchome. Mchome ni ukoo mwingine, na sitaki watu wake waje kuniuliza. Alikuwepo Katibu, Togolai Mnzava, mwenye mwandiko mzuri na shingo laini. Alikuwepo Mama Nampombe Mgonja, aliyewazidi wenzake umri. Alikuwepo Kangero Mshana, mfua chuma, mtoto wa mfua chuma. Na kilikuwepo kigoda cha Mzee Senkondo Mbwambo. Kigoda kilikuwepo. Mwenyewe hakuwepo.

Hiyo ndiyo iliyokuwa serikali ya kijiji cha Msindoi. Watu wanne na kigoda. Mmewashika?

— Tumewashika.

Basi hapo kale, si kale ya mawe kusema, ni kale ya watu kusema na mawe kunyamaza, kilikuwepo kijiji cha Msindoi, ubavuni mwa mlima, huko Upare. Watu wa Msindoi waliishi kwa maji ya mfereji. Mfereji ulitoka juu msituni, ukashuka kwa mawe na udongo mpaka kwenye bwawa dogo waliloliita ndiva. Usiku ndiva ilijaa. Asubuhi ilifunguliwa, na mwenye zamu akamwagilia. Jumatatu ya fulani, Jumanne ya fulani. Jumatano ilikuwa ya Nakijwa Mrutu.

Nakijwa alikuwa mjane wa marehemu Mbonea Mrutu. Alikuwa na watoto wadogo, shamba moja la mahindi na maharage, na Jumatano yake. Sheria ya Msindoi ilisema kwamba shamba lisilozaa kitu msimu mzima linarudi kijijini, na kijiji kinampa mwingine. Kwa hiyo Jumatano ya Nakijwa haikuwa maji tu. Ilikuwa shamba, na nyumba iliyomo shambani, na kaburi la Mbonea lililo nyuma ya nyumba. Maji yakiondoka, hivyo vyote vinayafuata.

Lishikeni hilo.

Serikali ile ilikutana kila Ijumaa katika chumba cha matofali mabichi, ambacho pia kilikuwa ghala la majembe ya kijiji. Kazi zake zilikuwa kazi za kila serikali ndogo. Mbuzi wa nani amekula mihogo ya nani. Nani hakutokea siku ya kuchimba choo cha shule. Nani apewe kibali cha kukata mti uliokwisha kukauka. Kikao kilifunguliwa, wajumbe wakatajwa, yakasomwa yatokanayo, yakaja ya siku hiyo, yakafuata mengineyo, kikao kikafungwa. Watu wakaenda kunywa pombe ya miwa.

Vigoda vilikuwa vitano, kwa sababu koo zilizochimba mfereji zilikuwa tano. Neno lililokubaliwa na vigoda vitatu lilikuwa neno la kijiji. Mwenye kuuliza alikuwa Mwenyekiti peke yake. Mwenyekiti akitoka, aliyewazidi wengine umri anauliza badala yake.

Sasa Mzee Senkondo Mbwambo. Yeye alikuwa mlinzi wa maji. Kila mwaka, mfereji ukishasafishwa, alipanda msituni na mbuzi wake na mfuko wa unga, akakaa kule kwenye kibanda karibu na chemchemi. Kila asubuhi aliondoa majani kwenye mdomo wa mfereji ili maji yashuke. Kila asubuhi aliwasha moto, na watu wa chini wakiuona moshi walisema, Mzee ameamka. Wakati huo mlima ulikuwa umefungwa. Palikuwa na jiwe njiani lililoitwa Jiwe la Mlango, na hakuna aliyelipita mpaka maharage yatoe maua, ila kwa neno la serikali. Ndiyo ilikuwa mila.

Mwaka mmoja, kabla ya kupanda, Mzee Senkondo aliwaambia wajumbe wenzake, "Mambo madogo msiningoje. Kiwekeni kigoda changu mahali pake, kiulizeni mara tatu. Kikinyamaza, nimekubali."

Lilikuwa neno la mtu mwema. Lakini hakusema jambo dogo ni lipi, na hakuna aliyemwuliza.

Walianza na mambo madogo kweli. Mbuzi, choo, mti mkavu. Waliuliza kigoda huku wakicheka. Mwaka uliofuata waliuliza bila kucheka. Kisha ikawa msemo wa Msindoi: kimya cha kigoda ni ndiyo. Na Sefania Mchomvu, aliyekuwa mtu wa akili, aliona jambo ambalo wenzake hawakuliona. Aliona kwamba kigoda hakisemi hapana. Kwa kuwa yeye ndiye muulizaji, na Togolai Mnzava shingo yake ilielekea kila alikoelekea Mwenyekiti, basi yeye, Togolai na kigoda walikuwa watatu. Kangero na Mama Nampombe wangeweza kukataa mpaka jioni.

Mnanisikia au mmelala?

— Tunakusikia.

Nimeuliza kwa sababu mlikuwa kimya.

Mwaka huo ninaousema, ukungu ulikaa juu ya mlima na haukuondoka. Ukungu ukawa mzito, maji yakawa mepesi. Ndiva iliyozoea kujaa mpaka shingoni ikajaa mpaka kiunoni. Watu wakatazamana. Huyu akamshuku yule kwamba ametoboa mfereji. Mama mmoja aliacha kumsalimu jirani yake kwa sababu mchicha wa jirani ulikuwa na rangi nzuri.

Ijumaa ya kwanza serikali ikakaa. Mwenyekiti alisema maji yamepungua, kwa hiyo kila zamu ikatwe nusu, na nusu zinazobaki zitunzwe na serikali. Kangero alikataa. Mama Nampombe alikataa. Togolai alikubali. Mwenyekiti akageukia kigoda.

"Kigoda cha Senkondo, wakubali?"

Kimya.

"Kigoda cha Senkondo, wakubali?"

Kimya.

"Kigoda cha Senkondo, wakubali?"

Kimya.

"Kimekubali. Andika, Katibu."

Nakijwa alikuwa amekaa kizingitini, maana raia waliruhusiwa kusikiliza kutoka kizingitini. Aliomba kuuliza. Aliuliza kama kuna aliyeuona moshi wa Mzee Senkondo wiki hiyo. Walimwambia ni ukungu. Mlima wenyewe hauonekani, utaonekanaje moshi?

Ijumaa ya pili ndiva ilijaa mpaka magotini. Mwenyekiti alisema zile nusu zilizotunzwa zipewe mkulima mwenye zao la faida kwa kijiji. Mkulima huyo alikuwa Kajiru Msangi, mkulima wa tangawizi. Na Kajiru Msangi alikuwa nani? Alikuwa shemeji wa Mwenyekiti, kaka wa mkewe. Na shamba lake lilipakana na la nani?

— La Nakijwa.

Mmejuaje? Sikuwaambia. Lakini ni kweli.

Kigoda kikaulizwa mara tatu. Kikanyamaza mara tatu. Katibu akaandika. Kisha, katika mengineyo, Mwenyekiti alitangaza agenda ya Ijumaa inayokuja: zamu ya Jumatano. Alisema mjane mwenye shamba dogo hahitaji asubuhi nzima wala nusu yake. Alisema kijiji hakitamwacha afe njaa, atapewa maharage. Alilisema kwa upole, kama mtu anayemvisha mtoto shati.

Nakijwa aliuliza tena kama kuna aliyeuona moshi. Wakamwambia ukungu. Lakini safari hii Mama Nampombe aligeuka akatazama dirishani kabla ya kujibu.

Wiki ile Nakijwa hakukaa. Alipika akasahau chumvi. Alikwenda ndivani asubuhi, akarudi mchana kuitazama tena, kana kwamba maji huongezeka yakitazamwa. Mahindi yake yalikuwa yameanza kukunja majani. Mtoto wake wa kwanza alimwuliza kama watahamia kwa wajomba. Alimjibu kwamba mahindi hukunja majani mchana na kuyakunjua jioni. Halikuwa jibu la swali lile, na mtoto alijua.

Siku moja mchana alipanda mpaka Jiwe la Mlango. Hakulipita. Alisimama mbele yake akaita.

"Mzee Senkondo!"

Kimya.

"Mzee Senkondo, ni mimi Nakijwa, mke wa Mbonea!"

Kimya.

"Mzee, shuka useme neno!"

Mlima ukamrudishia sauti yake mwenyewe, kisha kimya.

Sikieni hapa. Naye aliuliza mara tatu. Naye alijibiwa kimya. Lakini hakusema, amekubali. Alirudi nyumbani na hofu. Waswahili walisema, kimya kingi kina mshindo. Yeye alikuwa akiungoja mshindo.

Alipitia kwa Kangero Mshana. Kangero alikuwa anafua jembe. Alimwambia wazi kwamba yeye na Mama Nampombe watakataa, na kwamba haitasaidia kitu. Wawili hawawashindi watatu, hata kama mmoja wa hao watatu ni ubao.

"Chuma baridi hakipindiki," Kangero alisema. "Na Sefania ni chuma baridi. Hana anachokiogopa. Chui hamwogopi. Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, alipokuja na kofia yake, hakumwogopa. Mtu mmoja tu anamwogopa."

"Nani?"

Kangero alicheka akaacha nyundo. "Mkwewe. Nilimwona kwa macho yangu. Alikutana naye njiani pale pembamba, akajitupa kwenye upupu ili ampishe. Alijikuna mpaka Jumapili."

Ni vijana wangapi humu mmeoa? Basi mnajua, na msiojua nawaambia. Mila ya Msindoi ilisema mwanamume haketi chumba kimoja na mama wa mkewe. Hamtazami usoni. Hapazi sauti mahali mama huyo anaposikia. Akiingia huku, wewe unatoka kule. Si uadui. Ni heshima, tena heshima kubwa. Na Sefania Mchomvu, nampa haki yake, aliishika heshima hiyo kuliko wote.

Mkwe wake aliitwa Bibi Nanzia Msangi, mama mzazi wa Kajiru. Nakijwa alikwenda kwake moja kwa moja, hata kabla hajaenda nyumbani kupika. Alimkuta anasuka kikapu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunilaumu kwa ajili ya mwanangu?"

"Sikuja kulaumu. Nimekuja kukualika. Ijumaa Kajiru atapewa Jumatano yangu mbele ya serikali. Nikawaza, jambo kubwa kama hilo, mama mzazi atasimuliwa tu?"

Bibi Nanzia aliweka kikapu chini. "Hakuniambia."

"Pengine alisahau."

"Hakusahau. Tangu aanze hiyo tangawizi ananiona mimi ni kizee cha mekoni. Nitakuja. Nitakuja na mkeka wangu."

Je, Nakijwa alimdanganya?

— Hakumdanganya.

Hakumdanganya. Kila neno lilikuwa la kweli. Lakini hata kweli yaweza kutegwa njiani kama mtego.

Ijumaa ya tatu ndiva ilikuwa na maji ya kufika kifundoni. Na asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza, ukungu uliondoka. Mlima ulisimama wazi toka chini hadi kileleni, kila mti mahali pake. Nakijwa alisimama mlangoni mwa chumba cha serikali akauliza swali lake la siku zote, kama kuna aliyeuona moshi.

Hakuna aliyesema ukungu.

Alieleza kwamba alikwenda kwenye jiwe, akaita, hakuitikiwa. Mwenyekiti alimwuliza nani alimruhusu kulisogelea jiwe wakati mlima umefungwa, na kama anajua adhabu yake. Alisema Mzee Senkondo ni mtu mzima, anajua kukaa bila moto. Kisha akafungua kikao upesi. Wajumbe wakatajwa. Yatokanayo yakasomwa kwa haraka. Agenda ikasomwa: zamu ya Jumatano itolewe kwa Nakijwa Mrutu ipewe Kajiru Msangi. Kajiru alikuwa ameegemea ukuta kwa nje, amevaa viatu.

Mwenyekiti akavuta pumzi ili aanze kuuliza. Ndipo kikasikika kikohozi.

Kikohozi kile Sefania alikijua. Alisimama kabla hajajua kwamba amesimama. Alivuta koti juu ya kichwa, akageuka nyuma, akakanyaga rundo la majembe, majembe yakaanguka, naye akatokea mlango wa nyuma. Bibi Nanzia akaingia mlango wa mbele. Akatandika mkeka katikati ya chumba. Akatoa kikapu chake.

"Endeleeni na kazi zenu," alisema. "Mimi mgeni tu."

Basi chumba kikawa hivi. Ndani, wajumbe watatu na bibi mmoja anayesuka kikapu. Nje, nyuma ya ukuta wa tofali bichi, Mwenyekiti wa kijiji amesimama kwenye jua pamoja na kuku. Ukuta ule ulikuwa mwembamba. Alisikia kila kitu. Na kwa kuwa alisikia, naye angesikika.

Katibu Togolai alipendekeza kikao kiahirishwe. Mama Nampombe alimwuliza kama kuna sheria ya kuahirisha kikao kwa sababu mtu ametoka nje. Togolai alisema haikumbuki. Mama Nampombe akasema basi yeye ndiye mkubwa kwa umri, na sasa anauliza.

Hakuhama. Alikaa kwenye kigoda chake mwenyewe, akaacha cha Mwenyekiti kama kilivyo.

"Nauliza hivi," alisema. "Zamu zote zirudi zilivyokuwa. Jumatano ibaki ya Nakijwa Mrutu. Kangero?"

"Nakubali."

"Mimi nakubali. Togolai?"

Togolai alitazama mlango wa nyuma. Shingo ilikwenda huku, shingo ikaja huku. Alisema angependa kwanza kusikia vigoda vingine.

"Vizuri. Kigoda cha Senkondo, wakubali?"

Kimya.

"Kigoda cha Senkondo, wakubali?"

Kimya.

"Kigoda cha Senkondo, wakubali?"

Kimya.

"Kimekubali. Tumekwisha kuwa watatu. Lakini asije mtu akasema tulimruka. Kigoda cha Sefania, wakubali?"

Nyuma ya ukuta kuku walikimbia. Kilisikika kishindo cha mguu mmoja. Neno halikutoka.

"Kigoda cha Sefania, wakubali?"

Ilisikika pumzi, ndefu, kama mvukuto wa Kangero. Neno halikutoka. Angepazaje sauti, naye mkwewe yumo ndani?

Mama Nampombe hakuharakisha. Alingoja mpaka Bibi Nanzia amalize mstari wa kikapu.

"Kigoda cha Sefania, wakubali?"

Kimya.

"Kimekubali."

Togolai Mnzava akahesabu vigoda kwa macho, shingo yake ikapata mahali pa kutulia. "Nami nakubali," alisema, akaandika kwa mwandiko mzuri.

Bibi Nanzia aliinua uso. "Mbona mwanangu hajapewa kitu?"

"Hakupewa, Bibi," alisema Mama Nampombe.

Bibi alimtazama Nakijwa muda mrefu. Nakijwa alitazama chini.

"Umenitembeza na magoti haya."

"Nisamehe, Bibi."

"Jumatano uniletee mboga, tutasameheana." Akakunja mkeka wake, akamwita Kajiru ambebee, wakaondoka, Kajiru na viatu vyake.

Mlango wa mbele ulipofungwa, wa nyuma ulifunguliwa. Sefania Mchomvu aliingia na jasho. Alisema lililofanyika ni batili. Alisema hakukubali lolote, alikuwa nje kwa heshima na kila mtu anajua.

"Kigoda chako tulikiuliza," alisema Mama Nampombe. "Mara tatu. Kwa utaratibu wako."

"Kigoda ni mti," alisema Sefania. "Mti hauna mdomo. Mti hausemi ndiyo."

Kangero Mshana aliinua mkono kidogo. "Rudia, Mwenyekiti. Katibu hajaandika."

Sefania alifungua mdomo ili arudie. Akaona alikoelekea. Kama kigoda chake hakisemi ndiyo, basi na kile kingine hakikusema. Hakikusema Ijumaa ya kwanza. Hakikusema Ijumaa ya pili. Na huenda, akirudi nyuma, kuna mengi ya miaka ambayo hakikuyasema. Aliketi. Wote wakajikuta wanakitazama kigoda cha Senkondo Mbwambo, ubao mdogo wa miguu mitatu, umelainika katikati. Palikuwa na vumbi juu yake. Hakuna aliyekuwa ameona vumbi lile.

Mama Nampombe alisema kwa sauti ya chini, "Sisi tumemuuliza nani siku zote hizi?"

Hakuna aliyejibu. Nanyi msijibu.

Sefania aliona njia moja ya kutoka bila kuaibika. Alisema basi vigoda visiulizwe tena, aulizwe mwenyewe. Alisema zamu zikae zilivyokuwa tangu kale, ya kila mtu kwa mwenyewe, na zisiguswe mpaka Senkondo Mbwambo aseme vingine kwa mdomo wake. Moyoni aliwaza kwamba Senkondo ni mzee anayependa tumbaku, na mzee anayependa tumbaku hushawishika. Wote wanne walikubali kwa midomo yao. Walikubali pia kwamba Jiwe la Mlango lipitwe. Kangero na Togolai wakatumwa.

Watu wakakusanyika ndivani kungoja. Hakuna aliyewaita. Wengine walikaa ukingoni, wengine walisimama. Jua lilipanda. Mlima ulikuwa wazi. Kila mtu alitazama mahali pale juu ambapo moshi ungekuwepo, na kila mtu aliacha kutazama akiona mwenzake anatazama. Mtu alisema huenda Mzee amekwenda kutafuta asali. Mwingine alisema huenda alishuka upande wa pili kwa dada yake. Mama Nampombe alikuwa akitaja peke yake, kwa midomo tu, mambo waliyokiuliza kile kigoda tangu mlima ufungwe. Nakijwa alisimama mbali kidogo na watoto wake.

Kisha mfereji ukanguruma.

Yalitangulia majani. Majani yaliyooza, meusi, mengi, na matope, na vijiti. Kisha yakaja maji mekundu. Kisha yakaja maji yenyewe, yenye nguvu, yakaingia ndivani yakipiga kelele, kifundoni, magotini, kiunoni. Wanawake wakapiga vigelegele. Aliyeacha kumsalimu jirani yake akamsalimu. Hata Kajiru, aliyekuwa amerudi, alivua viatu akaingia kuzibua mdomo wa chini. Hayakuwa maji yaliyopungua mwaka ule. Maji yalikuwepo, ila mlango wake ulikuwa umezibwa na majani.

Nakijwa hakupiga kigelegele. Alikuwa anayatazama yale majani yaliyooza. Majani hayaozi kwa siku moja. Na kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuyaondoa kila asubuhi.

Mama Nampombe alikuja akasimama karibu naye. Vigelegele vikakatika, kimoja kimoja.

Jumatano ile haijaguswa mpaka leo. Iko katika ukoo wa Mrutu, na shamba liko, na nyumba iko, na kaburi la Mbonea liko nyuma ya nyumba. Neno la kikao lilikuwa, mpaka Senkondo aseme. Na Senkondo hajasema. Lakini vigoda havikuulizwa tena Msindoi. Mjumbe asipofika siku hizi, kikao kinainuka na kwenda kwake kubisha hodi.

Nafunga. Miguu ya ngano imefika. Mdomo wake una neno moja lililobaki. Mpo?

— Tupo.

Mnasikia?

— Tunasikia.

Mko kimya?

— Hatuko kimya.

Basi walionekana wakishuka. Kangero Mshana alitangulia, Togolai Mnzava nyuma yake, na mbuzi. Togolai alishika fimbo isiyokuwa yake. Watu waliwapisha. Kangero hakuketi, wala hakuomba maji. Alisema, "Mzee Senkondo Mbwambo amekufa. Amekufa siku nyingi."